Aliyesimama Mtumbwini

Garsen, 12 Novemba 1997

Darmi,

Salamu kwako na kwa Sista Josephine. Nimefika Garsen mzima, nguo ndizo hazikufika nzima. Matope yalinivua kiatu kimoja, nikakirudia kwa mikono. Njia ya Malindi imekatika. Mabasi yamekwama hapa stendi na abiria wameyageuza nyumba. Mama mmoja ameshafunga kamba ya kuanikia nguo kutoka dirisha hadi dirisha.

Pale kivukoni tuliachana haraka, watu wametukodolea macho, kwa hiyo acha niuweke utaratibu wetu vizuri. Bwana Athman, bosi wetu, hawezi kutufikia mpaka njia ifunguke, na simu ya posta ya hapa imekufa. Tumebaki wawili. Wewe kaa na Sista huko Hewani, usimwache hata akienda kuoga. Mimi nakaa mjini nimwangalie Zakaria. Barua zipite kwa Gollo, mwenye mtumbwi. Ni mtu asiyeuliza maswali.

Zakaria nimemwona. Mahakama ilimpa dhamana na anatembea kama aliyepewa zawadi. Asubuhi hukaa barazani kwa mwenye hoteli, malori yake yamepangwa mbele yake, na kila apitaye humwamkia. Huwezi kudhani ndiye aliyepanga lile gari la abiria liporwe, dereva akauawa. Lakini Sista alimsikia kwa masikio yake, siku Zakaria alipomleta kwenye zahanati yake kijana mwenye risasi pajani. "Nilikwambia usimpige dereva." Maneno hayo tu, na sasa mwanamke wa watu hana pa kulala.

Wapo vijana wake wanaouliza mjini, "Yule nesi alienda wapi?" Wanauliza kwa upole, kama wanaotafuta dawa. Kesi ni Januari huko Malindi, na yeye ndiye shahidi. Mpaka hapo kazi yetu ni Sista asionekane.

Neno moja zaidi. Kule Malindi, mimi nikiwa zamu ya mlangoni na wewe zamu ya chumbani, ulikuwa unakohoa kidogo ukitaka nikupokee. Hapa hakuna anayekohoa. Ni neno la kazi tu, usilichukue vingine.

Mangi


Hewani, 17 Novemba 1997

Bwana Mangi,

Asalaam aleikum. Barua yako imefika, haikulowa. Mimi kuandika si mwepesi kama wewe. Utanivumilia.

Tuko kwa Mama Mapenzi, mjane wa kanisani. Hapa hakuna mtu anashangaa mgeni. Maji yamefukuza watu mashambani, migomba imesimama ndani ya mto, kila nyumba ina watu wa nyumba tatu. Wakiuliza Sista ni nani, Mama Mapenzi anasema ni wifi yake, nyumba imechukuliwa na maji. Wakiuliza mimi ni nani, nasema nimepotezana na ng'ombe wa baba. Wanacheka. Mpokomo, mtu wa shamba, akisikia Mworma mfugaji amepoteza ng'ombe, roho yake inatulia, hakuulizi tena.

Lakini baba yangu yuko karibu kweli. Mzee Galma amehamishia ng'ombe kule juu kwenye mchanga, maji hayafiki. Sijaenda kumwona. Nikienda ataniuliza nafanya kazi gani, na mimi simwambii baba uongo. Kaka yangu Mahadi anajua nalinda watu. Aliposikia, alisema mwanamke anayesimama mlangoni ameshatoka nje. Tangu hapo hatusemi.

Shida yangu ni Sista. Hawezi kukaa bure. Homa imeingia kijiji kizima, unasikia watoto wanalia nyumba hii na ile, na yeye amefungiwa chumbani anavuta vidole. Jana aliniambia, "Darmi, umenilinda na Zakaria. Nani atanilinda na kilio hiki?"

Lile neno la kikohozi nimelichukua kama neno la kazi. Halafu nikalisoma tena.

Darmi


Garsen, 28 Novemba 1997

Darmi,

Leo sina salamu ndefu.

Kuna mtu wa Zakaria anaitwa Dabaso, ndiye mkubwa wa makuli wake. Leo mchana, wakipakua mahindi, nimemsikia akimwambia mwenzake, "Kuna nesi huko Hewani. Amemzalisha mke wa mtu pacha, wote wazima." Mwenzake akauliza, "Nesi gani?" Dabaso akasema, "Ndilo ninalotaka kujua."

Kwamba Sista amefichwa Hewani tulijua wanne tu: mimi, wewe, Athman na Gollo. Athman yuko ng'ambo ya maji yote haya. Gollo amebeba barua zetu na angeweza kutuuza siku ya kwanza.

Nakuuliza kama mlinzi anavyomuuliza mlinzi mwenzake. Nani amefungua mdomo?

Mangi


Hewani, 2 Desemba 1997

Bwana Mangi,

Unaniuliza kama mlinzi. Nakujibu kama mlinzi.

Hakuna mtu alifungua mdomo. Nilifungua mlango. Mwanamke wa nyumba ya tatu alikuwa na uchungu, mkunga wa hapa alikuwa amekwama ng'ambo, na mtoto wa kwanza alitanguliza mkono. Sista alisikia, akavaa kanga. Nikasimama mlangoni. Aliniambia, "Sogea, Darmi." Nikasogea. Nilikuwa nashika maji ya moto mpaka pacha wote wakatoka. Ningefanya vile tena. Kama hilo ni kosa, mwambie Athman anikate mshahara.

Sasa zamu yangu kuuliza. Gollo amekuona. Amekuona umekaa ndani ya lori la Zakaria, mbele, na Dabaso, mnakunywa chai kwenye kikombe kimoja. Si mara moja. Barua yako ya kwanza inasema unamwangalia Zakaria. Haikusema unamwangalia kutoka ndani ya gari lake.

Nimelala na hili jambo na nimeamka nalo. Siwezi kujua. Kwa hiyo nafanya kile ulichonifundisha wewe mwenyewe kule Malindi, kwamba mlinzi akiwa na shaka, anashika njia isiyojulikana na mwingine. Namhamisha Sista. Sikuambii wapi. Usitutafute.

Inaniuma kuandika hivi. Nimeandika hivyo hivyo.

Darmi


Garsen, 9 Desemba 1997

Darmi,

Gollo anasema hajui mlipo. Labda ni kweli, labda umemfundisha. Hii namwomba aiache kwa Mama Mapenzi. Ikikufikia, isome mpaka mwisho kabla ya kuitupa.

Ni kweli nimekunywa chai na Dabaso. Ninalinda malori ya Zakaria. Niliiomba kazi hiyo siku yangu ya pili hapa, kwa sababu barazani watu hunong'ona lakini kwenye lori husema. Bila chai ile nisingesikia habari ya pacha. Sikukuambia kwa sababu barua ikishikwa ningekuwa chakula cha mamba. Na sikukuambia kwa sababu nilijua ungenikataza. Sababu ya pili ndiyo iliyokuwa nzito.

Ulifanya vizuri kusogea pale mlangoni. Nilikuwa na hofu, na mimi hofu yangu hutoka ikiwa na sura ya hasira. Nisamehe.

Sasa sikiliza. Ijumaa hii asubuhi wanakuja Hewani. Ni Dabaso na mwenzake, na mimi, kwa kuwa Dabaso anasema mlinzi lazima aonyeshe amesimama upande gani. Mtumbwi ni wa Gollo, wamemwambia atawapeleka au utachomwa. Wana bastola moja. Mimi nina rungu, kama wewe.

Kama mmekwisha kuondoka, msirudi. Kama bado mpo, ondokeni leo. Mwambieni Mama Mapenzi aende kwa jirani.

Nitakaa mbele ya mtumbwi. Bado sijui nitafanya nini. Najua tu kwamba hawatashuka Hewani.

Unaweza usiniamini. Hata mimi, ningekuwa wewe, ningekaa na shaka yangu. Ila ujue kwamba tangu tuachane kivukoni sijapata siku ambayo sikugeuka nyuma, nikidhani nimesikia mtu akikohoa.

Mangi


Kwenye kambi ya ng'ombe ya Mzee Galma, 20 Desemba 1997

Mwanangu Mangi,

Usishtuke kuona mwandiko wa mwingine. Darmi amenikataza nisikuandikie. Mimi nimezalisha nusu ya watoto wa mto huu na sijazoea kukatazwa na wasichana.

Gollo ametuambia kwamba ile helikopta ya msaada wa mafuriko ilikuchukua mpaka hospitali Malindi, maji yakiwa kifuani na homa juu, na kwamba ulipopakiwa hukuwa unamjua mtu. Kwa hiyo pengine unadhani ni Gollo aliyekutoa mtoni. Nataka ujue yaliyotokea.

Siku aliyokuandikia ile barua ya hasira, Darmi alinileta hapa kwa baba yake. Alinivalisha nguo za Kiorma, akanifunika ushungi, akaniambia, "Sista, wewe sasa ni bubu." Akaingia kwa Mzee Galma akamweleza yote, kazi yake, kesi yangu, kila kitu. Mzee alinyamaza mpaka maziwa yakapoa. Kisha akasema, "Mgeni aliyefika kwangu ni wangu." Basi. Tangu hapo nimekuwa bubu wa Kiorma. Mtoto wa ng'ombe amenipiga teke na sikuruhusiwa hata kusema "uwi".

Barua yako ya tarehe tisa ililetwa na mwana wa Mama Mapenzi, Jumatano. Darmi aliisoma amesimama. Akakaa. Akaisoma amekaa. Nikamuuliza, "Ni habari gani?" Akasema, "Ama ni mtu mwongo sana, ama ni mtu wangu." Alhamisi akaniacha mikononi mwa baba yake na kushuka Hewani. Nilimwambia kazi yake ni kunilinda mimi. Akasema, "Wewe uko salama, Sista. Huyu mwingine hana mlinzi."

Yaliyobaki nimeyasikia kwa Gollo. Anasema mlikuja bila maneno, wewe mbele, wale wawili katikati, yeye nyuma na upondo wake. Mlipofika pale maji yanapokunja, ukiona tayari nyumba za Hewani, ulimuuliza Dabaso, "Mnataka kumfanya nini huyo mama?" Dabaso akajibu, "Tunataka asiende Malindi." Ukasema, "Basi." Ukasimama.

Mangi, mtoto yeyote wa mto huu anajua kwamba mtumbwini hakusimamwi. Gollo anasema hukusimama kama aliyesahau. Ulisimama wima, ukakanyaga ukingo kwa miguu yote miwili, na mtumbwi ukageuka. Alidhani unaogelea kama samaki. Alipoona mikono yako inavyopiga maji ndipo alipojua kuwa hujui kabisa.

Darmi alikuwa amejificha kwenye migomba. Alikuwa ameona wewe ndiye uliye mbele, na Gollo anasema hakungoja. Aliingia na nguo zake zote, kwenye maji mekundu yenye magogo na mizoga ya mbuzi. Mto ule ule uliowalea ng'ombe wao ndio uliomlea yeye. Alikushika shati, ukamshika shingo, mkazama wote wawili. Mkatokea chini zaidi. Wanaume wa Hewani waliwavuta kwa kamba ya mtumbwi mwingine. Wale wawili walifika ukingoni wenyewe, bila bastola, wakakuta kijiji kizima kinawasubiri na mapanga ya shambani. Hakuna aliyewagusa. Chifu aliwafunga na kuwapeleka kituoni, na nasikia Dabaso ameshaanza kusema mengi kuhusu tajiri wake.

Alipokutoa, Darmi alikulaza kifudifudi na kukukamua maji kama nilivyomfundisha. Halafu helikopta ikaja. Hakupanda. Alirudi hapa kwangu kwa miguu, nguo zimemkaukia mwilini, akasema, "Zamu yangu." Akakaa mlangoni.

Lakini kila Gollo akipita, yeye ndiye wa kwanza kuinuka.

Kunywa dawa zako zote, usiache katikati ukijisikia nafuu.

Sista Josephine


Malindi, 6 Januari 1998

Darmi,

Natumai mfungo unakwenda vyema. Nimetoka hospitali. Nikicheka bado kifua kinauma, kwa hiyo nimekuwa mtu mzito, ungenipenda.

Sista ameniandikia. Usimgombeze.

Nilikuwa nakumbuka mkono tu. Nilidhani ni wa Gollo, nikawa najiuliza mbona Gollo ana bangili. Sasa najua, na tangu nijue nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Hii sitaichana.

Sikujua kuogelea na nilisimama. Si ushujaa. Nilipiga hesabu fupi, kwamba mtumbwi ukifika, mtu atakufa, na ukigeuka, labda. Sikuweka uhai wangu kwenye hesabu kwa sababu nilidhani umeshaniandika mwongo, na mtu akiandikwa mwongo na wewe hajabakiza kikubwa. Wewe ukaingia majini hata hivyo. Sijui shukrani ya jambo kama hilo inasemwaje kwa Kiswahili, na Kigiriama nimejaribu nacho kimeshindwa.

Kwa hiyo nasema lile jingine. Nataka nikuoe, Darmi. Najua mimi ni Mgiriama, mwana wa Fondo wa Marafa, baba yangu ana mihogo na hana hata ndama. Najua kanisani nilikwenda kwa ajili ya mama, na tangu afariki sijaenda. Dini yenu naijua kama mtu anavyoijua nyumba kwa kupita nje kila siku. Niko tayari kubisha hodi na kufundishwa. Lakini sitaingia kwa kumwogopa kaka yako, wala kwa kutaka kukupata tu. Nikiingia, nataka niwe nimeingia kweli. Ukiona hilo linachukua muda, nipe muda.

Njia imeanza kupitika kwa malori makubwa. Athman anatuma gari liwachukue. Tarehe ishirini na mbili mimi nitakuwa mlango wa nje wa mahakama na wewe utakuwa ndani na Sista. Siku hiyo hatutazungumza haya. Siku hiyo ni ya Sista. Jibu likiwa hapana, niandikie tu, nitaendelea kukupokea zamu kama kawaida.

Mangi


Garsen, 3 Februari 1998

Mangi,

Idd imepita, nakupa mkono wa Idd. Umengoja jibu, najua. Siku ile mahakamani uliniangalia mara moja na ukageuza macho kwenye barabara kama mlinzi anavyotakiwa. Nilikuheshimu kwa hilo.

Wewe ulikuwa nje, hukusikia. Acha nikuambie. Wakili wa Zakaria alimsimamia Sista juu. Alimuuliza, "Siku hiyo ulikuwa umehudumia wagonjwa wengi?" Sista akasema, wengi. "Ulikuwa umechoka?" Akasema, sana. "Sasa mtu aliyechoka anawezaje kuwa na hakika ya alichosikia?" Sista akamwangalia kama anavyowaangalia waume wanaoingia chumba cha uzazi. Akasema, "Bwana, uchovu wangu ulikuwa miguuni." Watu walicheka mpaka hakimu akagonga meza. Kisha akarudia maneno yale ya Zakaria, polepole, na hakuna aliyecheka. Mjane wa dereva alikuwa amekaa mbele yangu. Aliinama, akafunika uso, halafu akakaa wima tena. Nilijua hapo kwamba hata hukumu ikichelewa, yule mama ameshasikia alichokuja kusikia.

Zakaria amefutiwa dhamana. Wewe ulimwona akitoka na pingu, ulimfungulia njia.

Sasa jambo letu.

Sista hakutaka kwenda kwake kwanza. Alisema ana mgonjwa mmoja kwa Mzee Galma. Nikadhani ni ng'ombe. Alikaa mbele ya baba, bila ushungi, na mdomo wake umerudi, akamwambia habari yako yote. Mimi nilikuwa nyuma ya hema, nasikia. Baba akauliza, "Ni Mgiriama?" Sista akasema ndiyo. "Ana ng'ombe?" Hana. "Dini?" Sista akasema, "Anasema atabisha hodi, lakini hataki kuingia kwa uongo." Baba akanyamaza. Ule unyamavu wake unaujua, Sista alikuandikia. Halafu akasema, "Mwongo angesema ameshaingia."

Mahadi aliondoka na kwenda kwenye kisima. Hajarudi kula nasi. Sitakuficha, itakuwa hivyo kwa muda, labda kwa muda mrefu. Mama analia kidogo na kupika sana.

Baba hajasema ndiyo. Hajasema hapana. Amesema, "Mtu anayetaka binti yangu asitume nesi. Aje mwenyewe, nimwone anavyokaa." Atakuuliza maswali na utakaa kwenye jua. Atakunyamazia. Usijaze unyamavu wake kwa maneno, nakujua. Kunywa maziwa utakayopewa, hata yakiwa na moshi. Usimsifu ng'ombe yeyote.

Na mimi, kwa kuwa umeniuliza mimi na hukumuuliza baba: ndiyo. Nilikuwa nimeshajibu kule majini, lakini ulikuwa hujisikii vizuri.

Miezi hii yote tumekuwa watu wa kujificha, wewe kwenye lori la adui, mimi kwenye migomba. Nimechoka na hilo. Kwa hiyo usije jioni wala usipite njia ya nyuma. Shuka hapa stendi saa za soko, uulize kwa sauti nyumba ya Mzee Galma iko wapi. Waache wakuone wote.

Darmi